Bia ya Malenge Mwezi wa Oktoba: Huo Ni Msimu wa Nani?

Oktoba Nairobi ni mwezi wa jakaranda. Barabara zinageuka zambarau, jua linachoma kama lina kesi na wewe, halafu mvua fupi inaanza kunyemelea. Hakuna majani ya rangi ya chungwa yanaanguka. Hakuna mtu anavuna malenge akiwa amevaa kofia ya sufi. Lakini ingia kwa baa fulani za Westlands au Kilimani mwezi huo, zile za bia za krafti, yaani bia za viwanda vidogo zinazopikwa kidogo kidogo, na utapata ubao umeandikwa kwa chaki: bia ya msimu, malenge na mdalasini.

Nimeionja. Alama: mbili na nusu juu ya tano. Inanukia chai ya masala iliyosahaulika jikoni tangu asubuhi, na malenge yenyewe nimeyatafuta hadi chini ya glasi sikuyaona. Mmenizoea nikipima bia za ladha za ajabu, ya ukwaju, ya embe na pilipili, ya kahawa, kwa hivyo pengine mlidhani nitaishia hapo. Lakini hii imenikwama kooni kwa sababu nyingine. Ni hilo neno "msimu". Msimu wa nani, manze? Nikaanza kusoma, na nikapata kwamba karibu historia yote ya hizi bia tunazozigawia nyota imejificha ndani ya hilo neno moja. (Kama hujafika miaka 18, karibu tu. Historia hailevyi.)

Tuanze Bavaria, kusini mwa Ujerumani, juu huko ndiko msimu wa bia uliandikwa kwa sheria. Tarehe 23 Aprili 1516, katika mji wa Ingolstadt, Duke Wilhelm IV na ndugu yake Ludwig X walitoa amri kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi. Hopsi ni yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu wake. Hamira hata haikutajwa. Siku hizi kampuni za Ujerumani huibandika hiyo amri kwa chupa kama cheti cha tabia njema, na watu huiita sheria ya usafi. Lakini ukiisoma, sehemu yake kubwa ni bei. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi Aprili, kipimo cha bia kisizidi pfennig 1. Kuanzia Aprili hadi Septemba, kisizidi pfennig 2. Bia hiyo hiyo, jiji hilo hilo, lakini joto likija bei inaruhusiwa kupanda mara mbili.

Kwa nini? Kwa sababu bia ya joto ilikuwa kamari. Hakukuwa na friji, na joto lilileta vijidudu vya kuifanya ichache vibaya. Mwaka wa 1553 watawala wakaenda mbele zaidi: marufuku kupika bia kati ya 23 Aprili na 29 Septemba. Kwa hivyo wapishi walikimbizana mwezi wa Machi kupika bia yenye nguvu kidogo, inayoweza kuvumilia, wakaiweka kwa mapango na maghala ya chini ya ardhi. Juu ya maghala walipanda miti yenye vivuli vikubwa ili ardhi isipate joto. Watu wakaanza kukaa chini ya hiyo miti wakinywa, na hiyo ndiyo asili ya zile bustani za bia za Munich unaziona kwenye picha. Bia yenyewe wakaiita Märzen, yaani ya Machi. Ikinywewa hadi kiangazi kiishe, mapipa yakimalizwa Septemba na Oktoba kabla ya kupika upya.

Hiyo ndiyo bia ya msimu ninayoielewa. Haina mdalasini, haina malenge, haina stika ya mzimu kwa chupa. Msimu ulikuwa tarehe, na tarehe ilikuwa baridi na joto. Sijawahi kuonja Märzen iliyopikwa kule, lakini kwa wazo peke yake naipa nne na nusu.

Sasa kuna kitu ile amri ya 1516 ilifanya ambacho hakisemwi sana. Kabla ya hopsi kutawala, sehemu kubwa ya Ulaya iliweka majani na mizizi kwa bia, mchanganyiko ulioitwa gruit. Kila eneo lilikuwa na majani yake. Yaani ile unaita leo "bia ya ladha ya ajabu" ndiyo ilikuwa bia ya kawaida, na uchungu wa hopsi ndio ulikuwa mgeni. Amri ikaifunga hiyo milango Bavaria. Ngano nayo ilizuiwa, na wengi husema ilikuwa ili waokaji mkate wasikose. Sawa. Lakini kufikia 1602 familia hiyo hiyo ya watawala ilikuwa imejipa haki ya peke yake ya kupika bia ya ngano, na ikavuna pesa nayo kwa miaka mingi. Usafi kwa raia, ngano kwa bosi. Mkenya hahitaji kuelezewa hiyo mara mbili.

Halafu mashine zikaua msimu. 1842 kule Plzeň, Bohemia, ikatoka bia ya dhahabu inayong'aa ambayo karibu kila laga unayoijua ni mjukuu wake. Miaka ya 1870 Carl von Linde akatengeneza mashine za kupoza zilizofanyiwa kazi kwa kiwanda cha Spaten, Munich. Kuanzia hapo ungeweza kupika bia ile ile Januari na Julai, Munich na Mombasa. Shikilia hiyo kwa kichwa: bia ya njano isiyo na msimu, ile tunaona ndiyo "bia ya kawaida" na zingine zote ni vituko, haijafikisha hata miaka 200. Hiyo ndiyo kituko. Hizi zingine ni wazee waliorudi mjini.

Malenge pia ni mzee. Wakoloni wa Kiingereza waliofika Amerika Kaskazini karne ya 17 walipata shayiri nzuri ni shida. Malenge yalikuwa kila mahali. Kwa hivyo wakayapika. Februari 1771 American Philosophical Society, chama cha wasomi cha Philadelphia, kilichapisha maelezo ya bia ya malenge, na ukiyasoma unashangaa: ponda malenge, kamua maji yake kama unavyokamua tufaha, chemsha, weka hopsi, poza, acha ichachuke. Hakuna kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, ambayo ndiyo roho ya bia yoyote. Na hakuna mdalasini. Ilikuwa bia ya mtu ambaye angependa kuwa na shayiri lakini hana. Hakuna aliyekuwa anaipiga picha.

Shayiri ilipopatikana, malenge yakatupwa. Yakakaa nje ya bia kwa zaidi ya karne moja. Katikati hapo Marekani ilipiga pombe yote marufuku, 1920 hadi 1933, na viwanda vingi vidogo havikufufuka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 nchi nzima, pamoja na ukubwa wake, ilikuwa imebaki na kampuni za bia chini ya 100, na karibu zote zinauza laga ile ile.

Waliofufua mambo ni watu wawili watatu wenye vichwa ngumu. Fritz Maytag alinunua kampuni ya Anchor ya San Francisco mwaka wa 1965 ikiwa karibu kufungwa, na 1975 akatoa bia ya Krismasi, akaendelea kila mwaka na mapishi tofauti na mti tofauti kwa lebo. (Anchor ilifunga kazi 2023. Iliniuma, na sijawahi hata kushika chupa yake.) 1978 rais Jimmy Carter akatia sahihi sheria iliyoruhusu watu kupikia bia nyumbani bila kodi. Sheria ndogo tu, lakini wale waliokuwa wanapika kwa garaji ndio baadaye walifungua viwanda.

Mmoja wao alikuwa Bill Owens, mpiga picha, aliyefungua baa yenye kiwanda ndani Hayward, California, mwaka wa 1983. Alikuwa amesoma kwamba George Washington alipika bia ya malenge, akaamua kujaribu. Akapanda malenge, akayaoka, akayatia kwa kimea. Akaonja. Ladha ya malenge? Sifuri. Malenge yakishachachuka utamu wake wote huliwa na hamira, unabaki na maji ya rangi. Kwa hivyo akaenda supamaketi akanunua spaisi za keki ya malenge, akazitia. Hapo ndipo bia ya malenge tunayoijua ilizaliwa: miaka ya 1980, kwa rafu ya supamaketi.

Na spaisi zenyewe ni nini? Mdalasini, kungumanga, tangawizi, mara nyingi na karafuu. Soma hiyo orodha tena. Hakuna hata moja inayomea Marekani wakati majani yanaanguka. Karafuu, karne ya 19 Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zinailisha dunia, na zilichumwa na watumwa. Kwa hivyo ile harufu ya "msimu wa Oktoba" ilianza safari yake kwa bahari yetu, ikaenda ikakaa kwa keki ya watu wengine, ikaingia kwa bia yao, halafu ikarudi Kilimani kwa bei ya bia mbili. Nimeipa mbili na nusu na sasa nafikiri nilikuwa mkarimu.

Lakini kuna jambo la sisi tunaopima. Kabla ya 1977 hakukuwa na lugha ya pamoja ya kuzungumzia bia za dunia. Mwaka huo Mwingereza mmoja, Michael Jackson (ndiyo, jina hilo, na hapana, si yeye), akatoa kitabu cha kuzipanga bia kwa aina: hii ni ya hapa, ile ya kule, hii inatakiwa ionjeke hivi. Wengi waliokuja baadaye wamesimama kwa mabega yake. 1996 ikaja BeerAdvocate, 2000 RateBeer, 2010 Untappd kwa simu, na sasa kila mtu ana nyota za kugawa, mimi nikiwemo.

Shida ya nyota ni kwamba zina tabia. Mtu akionja bia kumi kwa siku, sipu mbili mbili, inayobaki kwa kumbukumbu ni ile kali, nzito, ya ajabu. Bia tulivu ya kunywa jioni ukiongea na mtu haipati tano. Viwanda vikaona, vikaanza kupikia nyota. Waswahili waliligundua hili kitambo kabla ya simu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Siku hizi mgema akisifiwa hulitia donati, vanila na nazi ya kuchoma. Ugonjwa ni ule ule.

Na tuna maneno, jamani. Ukisoma maelezo ya bia mtandaoni utaona watu wanahangaika kueleza ile hali ya mdomo kukauka na ulimi kushikana kama umekula ndizi mbichi. Kiswahili kina neno moja: ukakasi. Tuna kukolea, tuna kuchuja, tuna kupooza, tuna uchachu na ukali, na kila mmoja wenu amewahi kumsikia mamake akitumia haya maneno kwa chai au mboga bila kuwaza. Walioyatumia kwa pombe walikuwepo pia. Hapo ndipo hii stori iliacha kuwa ya kuchekesha kwangu.

Kenya Breweries ilianza 1922, Ruaraka, na kina Hurst, ndugu wawili. Kreti kumi za kwanza zilipelekwa Hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na ndovu akiwinda, ndiyo maana Tusker ina ndovu. Hiyo kila mlevi wa Nairobi anaijua. Ile haisemwi ni kwamba kwa miaka mingi, hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kunywa bia ya chupa ya Wazungu. Alilima, alibeba kreti, aliosha glasi. Kuonja, hapana.

Na ile yake mwenyewe? Manispaa ya Nairobi ilizuia watu kupika pombe nyumbani, halafu miaka ya 1920 ikafungua klabu yake ya pombe Pumwani, ikawauzia wale wale, na faida ikaendesha huduma za mitaa ya Waafrika. Yaani choo chako ulilipia kwa kunywa. Mama aliyepika debe moja la busaa kwa nyumba yake alikuwa mhalifu. Manispaa iliyopika mapipa ilikuwa serikali.

Uhuru ukaja lakini hiyo daraja haikubadilika sana. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria yake yenyewe mwaka wa 1980, na busaa nayo ikawa ya kujificha, msako baada ya msako, madebe yakimwagwa kwa mtaro mbele ya kamera. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Sitaki mtu aseme natetea hiyo. Sumu ni sumu, na kuna nyumba kwa mtaa wetu zimevunjwa na mtungi bila methanoli yoyote. Lakini angalia mpangilio: pombe ya kienyeji ikisukumwa gizani, hakuna anayeipima, na kwa giza ndipo kemikali huingia. 2004 ikaja keg ya Senator, ya bei nafuu kwa sababu serikali iliipunguzia kodi ili ishindane na chang'aa, na baadaye ikawa inapikwa kwa mtama wa wakulima wetu. Mtama ule ule ambao shosho wa mtu alikamatwa nao. 2010 sheria ya Mututho ikaruhusu chang'aa mradi iwe na leseni na ifungwe inavyotakiwa. Kwa karatasi, mlango ulifunguka. Lakini mama wa busaa aliye na sufuria tatu na deni la ada ya shule hana leseni, hana wakili, na kuna mawakili wengi kwa hii nchi waliosomeshwa na hizo sufuria.

Sasa rudisha akili kwa neno letu. Busaa hupikwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa, ukakaangwa kwa bati hadi unukie, ukatiwa kimea cha wimbi. Kwa nyumba nyingi za magharibi ilifuata mavuno, kwa sababu kabla ya mavuno hakuna nafaka ya kuchezea. Wazee waliizunguka na mirija mirefu, mtungi mmoja. Muratina nayo ilifuata asali, na asali ilifuata maua, na maua yalifuata mvua. Huwezi ukapata msimu wa kweli zaidi ya huo.

Na muratina ndiyo ilinimaliza. Jina ni la tunda, lile refu kama soseji kubwa la mti ambao Kiswahili huuita mwegea. Tunda hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa kwa jua, halafu hutiwa kwa maji na asali karibu na moto. Hamira hukaa ndani ya nyuzi za tunda. Pombe ikiisha, tunda hukaushwa tena na kuwekwa kwa ajili ya mara ijayo. Guka yangu alikuwa na yake, yananing'inia juu ya moto, na utotoni nilidhani ni uchafu.

Kule Norwe wakulima walikuwa na kitu kinaitwa kveik. Walitumbukiza pete ya mbao kwa bia, hamira ikashika kwa vijishimo vya mbao, wakaikausha na kuining'iniza hadi mara ijayo. Wazo lile lile. Miaka kama kumi iliyopita wapenzi wa bia za krafti waliigundua, wakaipenda, ikafanyiwa utafiti, na leo kveik inauzwa kwa pakiti kavu dunia nzima. Kuna bia ya kveik niliyoonja hapa Nairobi, nikaipa nne, nikaandika ina harufu ya chungwa. Hiyo jioni sikufikiri hata sekunde moja kuhusu tunda la guka.

Kwa hivyo hii ndiyo itakuwa kazi yangu kuanzia mwezi huu. Bia za ubao wa chaki nitaendelea kuzipima, msijali, ile ya ubuyu naisubiri. Lakini nikiona neno "msimu" nitauliza ni msimu wa kitu gani, kimevunwa wapi, na kisipotajwa natoa nyota moja hapo hapo. Na nikipata mtu mwenye leseni anayepika muratina kwa asali ya kweli, si kwa sukari na haraka, nitaenda na kalamu. Guka alinionjesha kidogo nilipofikisha miaka 20, kwa mazungumzo ya ruracio ya binamu yangu, baada ya wazee kumaliza zao. Ilikuwa na uchachu wa mbele, asali nyuma, moshi kidogo, na ukakasi mwishoni unaokufanya urudi. Nilimuuliza angeipa ngapi juu ya tano. Akaniuliza, "Kwani ulikuwa unataka kuinunua?"